Njia ya Pikipiki Hupangwa Kabla ya Kuwasha Injini



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo vikundi kadhaa vya hapa Ruring'u na vijiji vya jirani vimetuuliza: namna ya kupanga njia ya pikipiki kwa kutumia mtandao, halafu kuiweka katika simu au katika kile kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye pikipiki, ili mwendeshaji afike anakotumwa bila kupotea. Wengine watashangaa. Watasema hayo ni mambo ya watalii wenye pikipiki kubwa wanaozunguka Mlima Kenya. Sisi pia tulifikiri hivyo, mpaka usiku mmoja wa mwezi wa Novemba ulipotufundisha.

Kikundi kimoja cha kina mama tunachofanya kazi nacho hutunza wagonjwa na wazee manyumbani. Hakina gari. Kwa hivyo kilipatana na vijana wa boda boda wa steji moja: siku za kawaida vijana watapeleka dawa na unga, na usiku mama akishikwa na uchungu watamfikisha hospitali. Malipo yangetoka katika mfuko wa kikundi mwisho wa wiki. Mpango uliandikwa, ukatiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sisi wenyewe tulikuwapo na tulipiga makofi.

Usiku huo simu ililia saa saba. Vijana wawili waliojua ule mteremko vizuri hawakupatikana, mmoja alikuwa Karatina na mwingine simu yake ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Akatumwa kijana wa tatu, mwenye bidii na mwenye pikipiki mpya, lakini mzaliwa wa upande wa Naro Moru, ambako nchi ni tambarare na ukiona nyumba mbele yako unaiendea tu. Aliandika jina la kijiji kwenye simu, simu ikamwonyesha mstari wa buluu, naye akaufuata.

Mstari ulimpeleka mtoni. Daraja la magogo lililokuwa hapo lilikuwa limechukuliwa na maji siku tisa kabla ya hapo. Kila mtu wa kijiji alijua. Simu haikujua. Kijana aligeuza, simu ikamwambia arudi pale pale. Akageuza tena, akaingia shamba la majani chai, akatoka. Alipopata njia ya kuzunguka, zaidi ya saa nzima ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa amejifungulia jikoni kwa jirani kwa mwanga wa koroboi, na nyanya wa mtoto ndiye aliyekata kitovu. Damu ilimtoka mama kwa wingi, na alfajiri alikimbizwa hospitali kwa pikapu ya mtu wa maziwa. Tunamshukuru Mungu, wote wawili wako hai, na mtoto amepewa jina la huyo nyanya, kama desturi inavyotaka.

Jumapili baada ya Misa tulikutana. Kijana alisimama akasema, "Guka, simu ndiyo ilinielekeza." Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Na hiyo simu, kijana wangu, ilivuka ule mto lini mara ya mwisho?" Watu walicheka, lakini kijana hakucheka, na sisi hatukucheka. Enyewe kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeandika nani atalipa, shilingi ngapi, na nani atapiga simu. Njia ya kupita hatukuiandika mahali popote.

VITU VITATU WATU WANAVYOCHANGANYA

Katika mkutano ule kijana mwingine alisema, "Lakini pikipiki zetu zina GPS tayari! Tulifungiwa tulipozichukua kwa mkopo." Ni kweli, zina. Lakini hebu tutenganishe mambo.

Kitu cha kwanza ni kipokezi. Hiki kimo ndani ya simu nyingi za siku hizi, na ndani ya vifaa kama vya Garmin vinavyofungwa kwenye usukani. Kazi yake ni kusikiliza setilaiti. Setilaiti za GPS ni za Serikali ya Marekani, ziko zaidi ya 24, na huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita kama 20,000. Kipokezi kikisikia nne kwa wakati mmoja kinaweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. Simu nyingi husikia pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Mahali pa wazi hesabu hiyo hukosea kwa mita chache tu, kama tano hivi. Bondeni kwenye miti mingi, au chini ya mabati, hukosea zaidi. Tunataka mlikumbuke jambo hili: kusikiliza setilaiti ni bure. Hakuhitaji kredit wala bando. Watu wengi huzima GPS wakidhani inakula bando, na wakiwa porini mahali hakuna mtandao wanadhani GPS imekufa. Haijafa.

Kitu cha pili ni ramani. Ramani imechorwa na watu, na watu hukosea au huchelewa. Kipokezi kinajua uliposimama, lakini kama kuna daraja mbele yako au hakuna, hilo linategemea aliyechora. Na ramani ndiyo inayokula bando, isipokuwa kama uliipakua mapema ukaiweka ndani ya simu.

Kitu cha tatu ni traka. Hicho ndicho alichokuwa nacho yule kijana wa mkopo. Traka ina kipokezi na laini ya simu ndani yake, nayo humwambia aliyekukopesha pikipiki iko wapi. Mingine inaweza hata kuizima pikipiki kutoka mbali mtu akichelewa kulipa. Haikuonyeshi wewe njia. Inamwangalizia mwenye pesa mali yake, na hilo si baya, lakini usiitegemee ikufikishe kwa mgonjwa.

Kuna pikipiki za bei kubwa zenye skrini ya ramani ndani yake. Makampuni ya Marekani kama Harley-Davidson na Indian Motorcycle huwapa wenye pikipiki hizo njia ya kupanga safari kwenye mtandao wakiwa nyumbani, halafu mpango huo unatumwa kwenye pikipiki. Hizo si za kubeba viazi. Hata hivyo wazo lao ni zuri na tunaweza kulichukua bila kununua pikipiki yao: mwendeshaji hapangi njia akiwa juu ya pikipiki, usiku, mvua ikinyesha na mama akilia. Anaipanga mezani, mchana, pamoja na wanaoijua.

NJIA YA GARI SI NJIA YA PIKIPIKI

Tazameni nchi yetu. Mito inashuka kutoka Nyandarua ikielekea mashariki, Chania, Gura na mingine midogo mingi, na kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi. Barabara nyingi hufuata migongo. Unaweza kusimama nyumbani kwako ukamsikia ng'ombe wa jirani wa mgongo wa pili, lakini kumfikia kwa gari ni mpaka upande hadi kwenye daraja kubwa, halafu ushuke tena upande ule mwingine. Mwenye miguu anashuka, anavuka daraja la miguu, anapanda, amefika. Pikipiki iko katikati. Mahali pengine inaweza kupita na mwenye miguu, mahali pengine haiwezi.

Ramani ya Google ina mahali pa kuchagua pikipiki hapa Kenya, na ni afadhali kuchagua hapo kuliko kuchagua gari. Lakini hata hiyo haijui udongo wetu mwekundu unavyokuwa mwezi wa Aprili. Njia ambayo Februari unapita ukiimba, Aprili inakuangusha. Kwa hivyo kila mahali tunapokwenda tunahitaji njia mbili, ya kiangazi na ya mvua. Mvua zetu tunazijua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Disemba.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hawakulifikiria, mpaka muuguzi mmoja mstaafu alipowauliza: mnapanga njia ya nani? Kijana peke yake na mfuko wa dawa anapita mahali popote. Kijana na mama mjamzito hawapiti kwenye gogo, wala hawapandi mteremko wa mawe. Mama hawezi kuambiwa ashuke atembee. Basi njia ya kwenda inaweza kuwa fupi, na njia ya kurudi na mgonjwa ikawa ndefu. Hiyo si hasara. Mwandike hivyo hivyo, kwenda huku, kurudi kule.

TULIANZA CHINI, SI KWENYE KOMPYUTA

Wengine walitaka twende saiba siku hiyo hiyo. Tulikataa. Tulitoka nje ya ukumbi, tukafagia mahali, na kila mtu akachora chini. Majivu yalikuwa barabara, majani ya mgomba yalikuwa mito, magunzi ya mahindi yalikuwa madaraja, mawe yalikuwa zahanati, shule na posho mill. Vikundi vya zamani mnaijua kazi hii. Tuliifanya sana tulipokuwa tunatafuta mahali pa kuchimba visima.

Ilichukua asubuhi nzima, na tulijifunza mengi kuliko tulivyotazamia. Vijana walichora barabara. Kina mama walichora madaraja na mahali pa kuteka maji, na pia nyumba zenye mbwa wakali na mageti yanayofungwa saa mbili za usiku. Hata ufunguo wa kila geti walijua uko kwa nani. Wazee walichora njia za zamani. Mmoja alionyesha njia ya kukata mgongo ambayo vijana hawakuwahi kuisikia, lakini mama mmoja akamwambia, "Guka, hiyo ilifungwa na ua walipogawa shamba." Mzee alisikitika kidogo, akaondoa majivu yake.

(Tunasema kando kidogo. Mnajua kwamba Disemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaja kwenye uwanja wetu wa Ruring'u kuweka silaha chini. Miaka yote waliyokaa Nyandarua na Mlima Kenya walitembea usiku bila taa, na njia ilikuwa kichwani. Ujuzi wa namna hiyo bado uko kwa wazee wetu wachache, na hautakuwapo siku zote.)

Katibu alinakili ramani ile ya majivu kwenye karatasi kubwa. Hiyo karatasi ndiyo tuliyokwenda nayo saiba baadaye, na mpaka leo imebandikwa ukutani pale steji ndani ya karatasi ya nailoni.

KUKUSANYA NYAYO

Hatua ya pili ni kupita njia zile mchana. Tulitumia programu inayoitwa OsmAnd, kwa sababu unapakua ramani ya Kenya mara moja pale penye mtandao, halafu inafanya kazi bila bando, na ina mahali pa kuchagua pikipiki. Ina pia mahali pa kurekodi safari. Unabonyeza kurekodi, unaweka simu mfukoni, unaendesha pole pole, na simu inaandika kila ulipopita. Mstari huo tunauita nyayo (wazee, hatusemi ile Nyayo ya siasa). Vijana walikwenda wawili wawili. Kwenye kila daraja, kila njia panda, na kila mahali pa hatari walisimama wakaweka alama na kuipa jina.

Majina ni muhimu kuliko mnavyodhani. Kijana mmoja aliandika "Pointi 1, Pointi 2, Pointi 3." Wiki iliyofuata hata yeye mwenyewe hakujua Pointi 2 ni wapi. Andikeni jina ambalo shosho angelitumia kwenye simu saa saba za usiku akiwa na hofu: kwa posho mill, kwa mugumo, kwa tangi la maji, kwa daraja la chuma. Yeye ndiye atakayewaelekeza, kwa hivyo jina lazima liwe lake.

Pia andikeni dakika, msitegemee kilomita. Kilomita tatu za lami na kilomita tatu za kupanda na kushuka hazifanani hata kidogo. Tulipima njia moja ya mvua ya kwenda kwa mama mmoja. Ilikuwa ndefu karibu mara mbili kuliko ya mkato, lakini tulifika dakika chache tu baadaye, na hatukuanguka.

KUCHORA KWENYE MTANDAO NA KUTIA KWENYE KIFAA

Sasa ndipo tulipokwenda saiba, na hapa tunaomba msome pole pole, kwa sababu ndipo wengi huharibu.

Ukishafungua ramani kwenye kompyuta unaweza kuchora njia, kuirekebisha na kuihifadhi kama faili. Faili la kawaida la kazi hii linaitwa GPX, na vifaa karibu vyote vya GPS hulisoma. Ukichora kwa My Maps ya Google utapata faili la aina nyingine linaloitwa KML, nalo OsmAnd hulipokea pia. Faili ni dogo sana, mnaweza kutumiana kwa WhatsApp au kwa bluetuthi bila gharama kubwa. Ile programu ya kawaida ya ramani ya Google kwenye simu haitakubali kufuata faili la GPX, basi msipoteze muda hapo.

Ndani ya faili hilo njia inaweza kuandikwa kwa namna mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha somo hili. Namna ya kwanza ni njia ya vituo. Unaweka vituo vichache, tuseme steji, kwa mugumo, zahanati, na kifaa chenyewe kinatafuta namna ya kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa ramani kilicho nayo. Namna ya pili ni zile nyayo, mstari wenye nukta mamia, na kifaa hakibadilishi kitu, kinakuonyesha mstari ule ule.

Fikirini mnamtuma mtoto sokoni. Ukimwambia, "Pitia kwa shangazi, halafu nenda sokoni," atafika kwa shangazi na atafika sokoni, lakini katikati atapita anapotaka, pengine kwenye mto ule uliomkataza. Ndivyo kifaa kinavyofanya na vituo. Mstari uliouona mzuri kwenye kompyuta unaweza kubadilika ukiutia kwenye kifaa, kwa sababu kifaa kina ramani nyingine na akili nyingine. Mtu anasema, "Nilichora vizuri, mashine imeharibu!" Mashine imepiga hesabu upya tu. Dawa ni mbili. Ama uongeze vituo karibu karibu, hasa baada ya kila njia panda, mpaka kifaa kikose nafasi ya kujichagulia. Ama utumie nyayo. Kwa safari za wagonjwa sisi tunatumia nyayo peke yake. Kwa kupeleka maziwa au mbegu, vituo vinatosha.

Tena angalieni kifaa kinavyofanya mtu akitoka kwenye mstari. Vingine hupiga hesabu ya njia mpya mara moja, na hapo mpango wenu wote umetupwa. Katika mipangilio kuna mahali pa kuzima tabia hiyo. Zimeni. Mwendeshaji akitoka nje ya mstari asimame, atazame, arudi kwenye mstari.

Jambo dogo lililotuaibisha sisi wenyewe: namba za mahali. Mji wa Nyeri uko kama -0.42, 36.95. Namba ya kwanza ni umbali kutoka ikweta, na ile alama ya kutoa mbele yake maana yake ni kusini. Ikweta inapita Nanyuki, sisi tuko kusini yake. Siku moja tulinakili namba za zahanati tukasahau alama ya kutoa. Kifaa kikatuonyesha Laikipia, ng'ambo ya Nanyuki, kilomita kama 93 kaskazini! Tulicheka sana, lakini kama ingekuwa usiku tusingecheka. Na msikate namba baada ya nukta. Ukiacha tarakimu mbili tu, unaweza kukosea zaidi ya nusu kilomita. Tarakimu tano zinakufikisha mlangoni.

Baada ya kutia faili, jaribuni. Chagueni kijana asiyejua njia, mpeni simu yenye faili, mzime bando, mwende nyuma yake. Yule kijana wetu wa Naro Moru ndiye aliyejitolea kujaribu njia zote tano. Mahali alipositasita ndipo tulipoongeza alama.

Mwendeshaji hasomi simu akiendesha. Anatazama kabla ya kuondoka, anakariri mpaka alama inayofuata, anasimama, anatazama tena. Vijana walilalamika kwamba inachelewesha. Tuliwauliza kuanguka kunachelewesha kwa muda gani. Simu ikae kwenye mfuko wa nailoni, ijazwe chaji kila jioni, na steji iwe na chaja ya akiba. Pale ambapo njia panda mbili zinakaribiana sana hata kifaa hukosea, na hapo tulipaka jiwe rangi nyeupe, mshale mmoja. Alama za njia si jambo geni Nyeri. Kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyefariki mwaka 1941, liko hapa mjini, na jiwe lake lina alama ya njia ya skauti, duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani.

NYUMBA ZA WATU SI ZA KUTANGAZWA

Hapa tunataka kusema kwa ukali kidogo. Kikundi kimoja kiliweka nyumba za wagonjwa wake wote kwenye ramani, na kando ya kila nyumba wakaandika ugonjwa. Nia ilikuwa njema, wapeleka dawa wasikosee. Faili likatumwa kwenye kundi la WhatsApp la steji. Kwa siku mbili lilikuwa limefika kwa watu wasiojulikana. Mama mmoja anayetumia dawa za ukimwi, ambaye hata dada zake walikuwa hawajui, aliacha kufungua mlango. Ilituchukua miezi kumrudisha kwenye dawa.

Kwa hivyo sisi tumepatana hivi. Kwenye faili la wote tunaweka njia mpaka njia panda iliyo karibu, basi. Nyumba yenyewe inajulikana na mama mmoja wa kikundi, naye hukutana na pikipiki pale njia panda na tochi. Jina la mgonjwa haliandikwi, wala ugonjwa wake. Wazee wanaoishi peke yao pia msiwawekee alama, kwa maana wezi nao wana simu.

RAMANI YA WOTE

Mambo ya wote, kama madaraja, zahanati, shule na njia za miguu, hayo ni vizuri yajulikane. Kuna ramani ya dunia inayoitwa OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha bila malipo, na OsmAnd huichukua ramani yake hapo. Kibera kule Nairobi palikuwa karibu patupu kwenye ramani hiyo mpaka mwaka 2009, vijana wa pale pale walipotembea na vipokezi vya GPS wakapachora wenyewe. Huko Tanzania, tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji, na katika wilaya ya Serengeti ramani hizo husaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Hawa nao walikuwa na shida kama yetu, usiku, kijiji kisichokuwa na jina kwenye ramani, na mtu anayengoja.

Sisi tulianza na lile daraja lililochukuliwa na maji. Kijana wa saiba alitusaidia kufungua akaunti, tukaliondoa kwenye OpenStreetMap. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Ramani iliyo ndani ya simu haibadiliki siku hiyo hiyo, ni lazima kuipakua upya, na sisi tumeweka Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Ramani za makampuni mengine zina mahali pa kutuma taarifa ya kosa, lakini unatuma halafu unangoja.

Gharama yetu yote ilikuwa mafuta ya kupita njia zile, saa chache za saiba, na bando la kupakua ramani. Vijana walitaka kikundi kinunue kifaa cha GPS cha kufunga kwenye usukani. Kina mama walikataa, na tunadhani walifanya vizuri. Pesa hiyo imenunua helmeti ya pili kwa kila pikipiki.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni safari moja tu, ile mnayoiogopa zaidi usiku. Ichoreni chini kwa majivu, wazee na kina mama wakiwapo. Vijana wawili waipite mchana na kuirekodi, na waipite tena siku moja baada ya mvua. Katika kikundi zungumzeni: Ni daraja gani hapa kwetu ambalo likienda na maji tutakwama? Nani hulijua kwanza, na humwambia nani? Faili la njia litawekwa na nani, na yeye akisafiri litakuwa kwa nani? Njia ya kurudi na mgonjwa ni ile ile ya kwenda, au nyingine?

Katibu aandike majibu kwenye daftari la kikundi, akiweka tarehe. Mkipata shida ya kutia faili kwenye simu, njooni ofisini kwetu Alhamisi asubuhi na simu yenu ikiwa na chaji.